R, SPSS au Excel? Uchaguzi kwa anayesoma takwimu za mazingira Dodoma

Kila msimu wa tafiti ukikaribia, swali hili huzunguka vyuoni hapa Dodoma, kuanzia Ng'hong'ona mpaka Miyuji: "Kaka, nijifunze R au SPSS?" Zote mbili ni programu za kompyuta za kuchambua takwimu. Anayeuliza aghalabu hajafika porini, hata malengo ya utafiti hajayaandika, ila wenzake wameshamwambia kwamba R ni ngumu, SPSS ndiyo ya chuo, na Excel ni ya wahasibu. Anaishia kuchagua programu kama mtu anavyochagua Simba au Yanga.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: angalia kwanza ni data ya aina gani utakayorudi nayo, kisha ndiyo uulize programu. Huku kanda ya kati, data za mazingira na maliasili huja kwa sura tatu. Kuna majibu ya dodoso kutoka kwenye kaya. Kuna vipimo vya ploti, yaani miti, majani, udongo. Na kuna kumbukumbu za miaka mingi, kama mvua na kina cha maji visimani. Kila sura ina mshindi wake, kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kwa kazi badala ya kuisifia programu moja baada ya nyingine.

Kabla ya hapo, sampuli. Hakuna programu kati ya hizi inayoweza kuiponya sampuli mbovu. Mtu akipima uoto kando ya lami ya Dodoma–Kondoa–Babati kwa sababu bodaboda inafika hapo bila shida, atapata wastani mzuri kabisa wa kando ya barabara, mahali ambapo wakata mkaa huanzia. Hautamwambia lolote kuhusu msitu ulio kilomita nane ndani. Tumia QGIS, programu ya ramani ya bure, uipe mipaka ya eneo lako ikutupie pointi bila upendeleo kabla hujapanda gari. Baadhi zitaangukia kwenye korongo au shambani kwa mtu, na itabidi uwe na kanuni iliyoandikwa mapema ya nini ufanye zikiangukia huko.

Dodoso la kaya

Tuseme unauliza kaya za Chamwino au Bahi zinapikia nini, zinafuata kuni umbali gani, na nani anahudhuria kamati ya mazingira ya kijiji. Majibu mengi hapa ni ya makundi: kuni, mkaa, gesi, ndiyo, hapana. Hapa SPSS yuko nyumbani kwake. Ilianzishwa mwaka 1968 pale Chuo Kikuu cha Stanford kwa ajili ya watu wa sayansi ya jamii, na mpaka leo, chini ya IBM walioinunua mwaka 2009, bado inafikiri kwa namna ya dodoso. Kila swali ni safu, kila jibu ni namba yenye lebo yake, na jedwali la kulinganisha jinsia na aina ya nishati linatoka kwa kubofya mara chache pamoja na jaribio la kai-skwea, linaloangalia kama makundi yanatofautiana kweli au ni bahati tu.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Asiyejibu hupewa namba 99. Chukua mfano wa kubuni: kaya 40, ambapo 36 zinafuata kuni wastani wa kilomita 3, na 4 hazikujibu. Ukisahau kuiambia SPSS kwamba 99 ni pengo, itazijumlisha kama kilomita, na wastani wako utapanda kutoka 3 hadi 12.6. Angalau SPSS ina safu maalumu ya kutangazia mapengo. Excel haina kitu kama hicho, itabidi uzifute seli mwenyewe. R ina alama yake ya pengo, NA, na ina ukaidi mmoja ninaoupenda: ukiomba wastani wa safu yenye pengo, inakurudishia NA tu mpaka uandike kwa mkono wako kwamba mapengo yaachwe. Mwanzoni inaudhi. Baadaye unaelewa kwamba imekulazimisha kujua nani hakujibu.

Excel tusiidharau hapa. Afisa maliasili wa halmashauri anayetaka asilimia za kuweka kwenye taarifa ya robo mwaka hahitaji zaidi ya jedwali egemeo (pivot table) la Excel, hasa kama data imekusanywa kwa simu kupitia KoboToolbox na imeshuka ikiwa safi. Kumlazimisha ajifunze R kwa kazi hiyo ni kumpotezea muda.

R inafanya kila kitu hapa pia, ila anayeanza atatumia siku nyingi kupanga lebo ambazo SPSS inazipanga yenyewe. Inaanza kumshinda SPSS pale sampuli yako ilipopita kwa ngazi, yaani ulichagua vijiji kwanza, kisha kaya ndani ya vijiji. Hesabu sahihi ya sampuli ya namna hiyo, kwenye SPSS, imo katika nyongeza inayolipiwa peke yake. Kwenye R kuna kifurushi, yaani nyongeza ya programu, kinachoitwa survey, bure.

Ploti za miti na udongo

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa sababu ndipo watu wa mazingira wanapoumia.

Anza na ploti yenyewe. Katika misitu yetu ya miombo na vichaka vya Itigi, watu wengi hutumia ploti ya duara ndani ya duara: miti myembamba inapimwa kwenye duara dogo la katikati, na minene inapimwa mpaka duara la nje lenye nusu kipenyo cha mita 15. Inaokoa muda sana. Lakini ina maana kwamba miti uliyoipima haina uzito sawa. Duara la mita 5 lina mita za mraba 78.5, kwa hiyo kila mti mwembamba uliouandika unasimama badala ya miti kama 127 kwa hekta. Duara la mita 15 lina mita za mraba 707, na mti mnene uliouandika huko unasimama badala ya 14 tu. Ukichukua vipenyo vyote ukavitafutia wastani mmoja, umepata namba isiyoelezea msitu wowote uliopo duniani: miti minene imepewa kura nyingi kuliko inavyostahili.

Excel inaiweza hesabu hii. Ongeza safu ya uzito, zidisha, jumlisha, gawanya. Shida ya Excel iko kwingine: haiachi nyayo. Ukipanga safu moja ya vipenyo peke yake bila kuzichukua safu za jirani, kila mti unapata kipenyo cha mwenzake, na hakuna mahali patakapoonyesha kwamba hilo limetokea. Tarehe nazo ni balaa. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani ukiiandikia 3/4 inasoma Machi 4, na ziara yako ya Aprili inahamia mwezi mwingine kimyakimya.

Kwa R, hatua zote zimeandikwa kwenye faili la maelekezo. Msimamizi akikuuliza miezi minne baadaye umepataje kaboni ya tani kadhaa kwa hekta, unafungua faili, unaendesha upya, namba inarudi ileile. SPSS nayo inaweza kuacha nyayo, wengi hawajui: kwenye kila dirisha la uchambuzi kuna kitufe cha "Paste" kinachokuandikia amri zako badala ya kuzitekeleza tu. Anayebofya bila kukigusa kitufe hicho hana tofauti na mtu wa Excel.

Sasa suala zito zaidi, ambalo wanatakwimu wa ikolojia wamekuwa wakilipigia kelele tangu miaka ya 1980: sampuli nyingi zinazotoka mahali pamoja kuhesabiwa kana kwamba kila moja inajitegemea. Tuutumie mkoa wetu wenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Ni eneo zuri mno kwa anayetaka kujua kama udongo hupona mifugo ikiondoka. Mwanafunzi anachimba sampuli 15 za udongo ndani ya eneo lililofungwa, 15 nje yake, anaziweka SPSS, anafanya jaribio la t, linalolinganisha wastani wa makundi mawili, inatoka tofauti kubwa yenye nyota mbili, alama ya kwamba si rahisi iwe bahati tu. Furaha.

Lakini zile 15 za ndani zimetoka kwenye mteremko mmoja, na za nje zimetoka kwenye mteremko mmoja. Alicholinganisha ni miteremko miwili. Tofauti aliyoiona inaweza kuwa ya mifugo, inaweza kuwa ya mwamba ulio chini, inaweza kuwa ya mvua iliyopiga upande mmoja. Programu haina njia ya kujua, kwa sababu aliiambia ana vitu 30 huru, nayo ikamwamini.

Dawa ya kweli iko kwenye mpango wa utafiti: nenda vijiji vingi, na kila upande uwe na miteremko kadhaa. Ukishafanya hivyo, R inalisema jambo hilo kwa mstari mmoja:

kaboni ~ malisho + (1 | kijiji)

Huo ndio mtindo wa kifurushi kiitwacho lme4. Upande wa kushoto ni unachokipima. Neno malisho ni sababu unayoichunguza. Kilichomo kwenye mabano kinaiambia kompyuta kwamba sampuli za kijiji kimoja zinafanana kwa asili, izihesabu kwa tahadhari. SPSS ina modeli za namna hii pia, lakini zimo kwenye nyongeza ya kulipia na madirisha yake yanachosha. Nimeona watu wazima wakikata tamaa kwenye dirisha la pili. Excel haiwezi kabisa. Na kama una kijiji kimoja kila upande, mstari huo wa R hautakuokoa. Itabidi uandike kwa unyenyekevu kwamba umelinganisha maeneo mawili.

Kwa orodha za spishi, kwa mfano unataka kulinganisha utajiri wa mimea kati ya vichaka vya Itigi na miombo iliyo jirani, hakuna ubishi: kifurushi cha vegan ndani ya R kilitengenezwa na wanaikolojia kwa ajili ya kazi hiyo, na sioni sababu ya kuhangaika na SPSS.

Mvua na maji ya ardhini

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa mwaka na kumalizika karibu Aprili, na kwa wastani inazunguka milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Sentensi hiyo ina mitego miwili.

Wa kwanza ni kalenda. Ukijumlisha Januari hadi Desemba, umekata msimu katikati: umechukua mkia wa msimu mmoja na kichwa cha unaofuata ukaviita mwaka. Jedwali egemeo la Excel litakufanyia kosa hilo kwa haraka na kwa unadhifu. Unahitaji mwaka wa maji, unaoanza Oktoba. Kwenye R ni mstari huu:

mwaka_maji <- ifelse(mwezi >= 10, mwaka + 1, mwaka)

Excel pia inaweza, kwa fomula ya IF inayofanana kabisa. Ni suala la kukumbuka tu. SPSS inaweza kwa amri ya kukokotoa safu mpya.

Wa pili ni wastani wenyewe. Chukua misimu mitano ya kubuni: milimita 420, 480, 510, 530 na 960. Wastani ni 580. Angalia tena: misimu minne kati ya mitano iko chini ya wastani. Mkulima wa mtama akipanga kwa 580 atalia miaka minne. Namba ya katikati, 510, inamwambia ukweli zaidi.

Lakini mtu wa maji anaitaka ile 960. Visima vya Makutupora, vinavyonywesha jiji la Dodoma, vina moja ya kumbukumbu ndefu zaidi za maji ya ardhini katika Afrika ya kitropiki, zikianzia miaka ya 1950. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia miaka 55 ya kumbukumbu hizo, ulionyesha kwamba maji ya chini hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98. Katikati ya misimu hiyo kina hushuka mwaka baada ya mwaka.

Weka data ya namna hiyo kwenye Excel, chora nukta, ongeza mstari wa mwelekeo. Utapata mstari ulionyooka unaodai kwamba kila milimita ya ziada inaongeza maji kiasi kilekile. Siyo kweli. Mpaka mvua ivuke kiwango fulani, karibu yote inaishia kwa jua, mimea na udongo wa juu. Ikivuka, maji yanateremka. R ina kifurushi cha kutafuta mahali mstari unapokunjika, kinaitwa segmented, na kingine cha kuchunguza misimu mizito peke yake bila kuburuzwa na wastani, kinaitwa quantreg. SPSS, nikiwa mkweli, hapa inasuasua.

Hata jaribio la Mann-Kendall, ambalo ndilo wali na maharage ya kila tasnifu kuhusu mwelekeo wa mvua, hulikuti kwenye menyu za kawaida za SPSS kwa jina hilo. Unazunguka kwa tau ya Kendall, kipimo cha uhusiano, kati ya mwaka na mvua. Cha kushangaza Excel inaishinda hapa, kwa sababu Taasisi ya Hali ya Hewa ya Finland iliwahi kutengeneza kiolezo cha bure cha Excel kinachoitwa MAKESENS, kinachofanya Mann-Kendall na mteremko wa Sen (kasi ya mabadiliko kwa mwaka) kwa data za mwaka. Kwa mtu mwenye kituo kimoja cha mvua na muda mfupi, kinatosha.

Vituo vikiwa vingi hali inabadilika. Kifaa kinachorekodi kila dakika 10 kinatoa mistari 52,560 kwa mwaka. Vifaa 20 vinatoa 1,051,200, na karatasi moja ya Excel mwisho wake ni 1,048,576. Mistari ya ziada haiingii. Uingereza mwaka 2020 ilipoteza kwa muda karibu wagonjwa 16,000 wa korona kwenye hesabu zake kwa sababu ya faili la Excel la mtindo wa zamani, lenye kikomo kidogo zaidi. Ukishaanza pia kuchukua mvua ya setilaiti kama CHIRPS, ya bure, yenye data kuanzia mwaka 1981 kwa vipande vya takriban kilomita 5, umeshaondoka kwenye Excel na SPSS; chaguo lako ni R au Python, lugha nyingine ya kompyuta ya bure. Python ni nzuri sana kwa picha za setilaiti. Kama takwimu ndiyo kiini cha kazi yako, R inakufikisha mapema.

Mfuko, bando na laptopu

R ni bure, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka Februari 29, 2000. Unahitaji bando kushusha programu na vifurushi, kisha unafanya kazi hata ukiwa Mpwapwa bila mtandao. Laptopu yenye kumbukumbu ya GB 4 inatosha kwa karibu kila nilichokitaja hapa, ukiondoa setilaiti.

SPSS inahitaji leseni ya kulipia. Kinachozunguka kwenye flashi za hosteli ni nakala zilizovunjwa, na zinaweza kubeba virusi pamoja na tatizo la kisheria ambalo linaweza kukukuta siku unapotaka kuchapisha. Kama chuo kina leseni kwenye maabara ya kompyuta, tumia hiyo. Kama hakina, PSPP ni ya bure na inafungua mafaili ya SPSS, ingawa haina kila kitu. Ninayoipendekeza zaidi ni jamovi: ya bure, ina menyu za kubofya kama SPSS, lakini ndani yake inaendeshwa na R, na ukiwasha chaguo fulani inakuonyesha amri za R ilizotumia. Unajifunza huku kazi inakwenda.

Ujifunzie wapi

UDOM na Chuo cha Mipango wote wana masomo ya takwimu, na faida kubwa ya darasa ni kwamba mtu anakuuliza "kwa nini" kabla hujaenda porini. Anayetaka takwimu za misitu na wanyamapori kwa undani, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro ina mizizi mirefu, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda kumwona mtaalamu na kurudi si safari ya kulala tena. Anayetaka takwimu kama taaluma kamili, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kiko Changanyikeni, Dar es Salaam. Kozi fupi za siku tatu ninazitazama kwa jicho la pembeni: nyingi zinafundisha mahali pa kubofya tu. Uliza kama wanakuruhusu kuja na data yako. Kama hapana, baki na hela yako.

Kuna njia nyingine, maarufu kuliko zote na haitajwi: kumpelekea "mtu wa data" pale stesheneri. Simlaumu anayeifanya kazi hiyo, wengine wana ujuzi hasa. Lakini siku ya utetezi jopo halimwiti yeye. Ukiulizwa kwa nini ulitumia jaribio la t badala ya modeli yenye vijiji ndani yake, utajibu wewe. Kama ni lazima umtumie, lipia akufundishe ukiwa umekaa pembeni yake, na udai akupe faili la amri.

Kwa hiyo, mwenye dodoso na mwenye maabara ya chuo yenye leseni: SPSS, na kitufe cha "Paste" kila mara. Mwenye ploti, spishi au visima: R, uanze mapema, walau muhula mmoja kabla ya kwenda porini, kwa sababu wiki za mwanzo ni za kupambana na koma na mabano. Wote wawili waingize data kwenye Excel, mstari mmoja kwa kila mti au kaya, tarehe kwa mtindo wa 2025-04-03, bila seli za rangi wala vichwa vilivyounganishwa. Na aliyebakiwa na miezi miwili, msimamizi wake anajua SPSS tu na data yake ni ya ploti, afungue jamovi leo: kifurushi chake cha ziada kiitwacho GAMLj kinafanya modeli ile ya vijiji kwa kubofya, na majedwali yanayotoka msimamizi atayasoma bila shida.